Naomba ushauri: misuli inauma mwaka wa pili sasa, vipimo vyote safi

Habari zenu ndugu zangu. Nina miaka 38, na huu ni mwezi wa 19 misuli inaniuma. Ilianza mapajani, ikapanda mgongoni hadi mabegani. Siyo viungo, ni nyama yenyewe, kama mtu aliyebeba mizigo jana kutwa. Asubuhi mwili unakakamaa karibu saa nzima. Nikijilazimisha kazi nzito leo, siku mbili zinazofuata silali wala siamki vizuri. Hata usiku ninaopata usingizi naamka nimechoka vilevile. Nguvu ninazo, nainuka kitini bila kushika kitu.

Nimepimwa wingi wa damu, tezi ya shingo, vitamini D, CK (kimeng'enya kinachopanda damuni misuli ikiumia), pamoja na ESR na CRP (vipimo vya damu vinavyoonyesha uvimbe mwilini). Vyote kawaida. Dawa za kushusha lehemu (kolesteroli) situmii, maana niliulizwa hilo pia. Dawa za kawaida za maumivu hazinisaidii. Maji ya moto hutuliza kidogo. Daktari wa mwisho alisema ni mawazo tu. Neno hilo lilinikaa moyoni, kwa sababu mawazo yenyewe yameletwa na maumivu.

Naomba kuuliza mawili. Nitangulie kwa daktari bingwa wa baridi yabisi au wa mishipa ya fahamu? Na kwa waliokutwa na faibromayaljia (ugonjwa wa maumivu ya muda mrefu ya mwili mzima na uchovu), daktari wenu alifikiaje jibu hilo, ikiwa hakuna kipimo cha damu kinachoionyesha?

Nitashukuru hata kwa jibu fupi.