Amekagua Boxer yangu kumbe anatafuta bei ya kuuzia ya kwake

Ndugu wanajukwaa, naandika nikiwa bado natetemeka kwa hasira. Ninayemlalamikia nyote mnamfahamu: ni yule anayeuliza "bei ya mwisho?" chini ya kila tangazo la pikipiki. Leo amenifikia mimi, hapa Mbagala.

Nilitangaza Boxer 150 yenye kadi halisi ya jina langu na isiyodaiwa faini hata moja. Usiku wa manane alitaka picha ya namba ya chesisi, alfajiri akataka video ya injini ikiwashwa ingali baridi, mchana akataka sproketi ya nyuma, ile gia inayozungusha mnyororo, ionekane meno yote, nami nikalala chali kwenye vumbi ili nimpigie picha hiyo. Alikuja na fundi wake, ambaye alifungua plagi, akavuta mnyororo, akachungulia bomba la moshi akitafuta moshi wa bluu, akazikandamiza shokapu kana kwamba zimemkosea adabu, na kasoro hakuiona. Kisha bwana yule akaiendesha hadi Rangi Tatu na kurudi kwa mafuta yangu, akavua helmeti yangu, akafuta mikono kwa kitambaa changu, akasema: "Nashukuru, kaka. Nilitaka kujua bei ya sokoni, maana na mimi nina Boxer ninayotaka kuiuza."

Anataka kuuza! Wakili nimeshamwita aje kuandika mkataba, kadi ninayo mkononi, wateja wengine wote nimewaambia chombo kimepata mwenyewe, halafu mtu anafuta mikono kwa kitambaa changu na kuniambia kwamba anataka kuuza! Kwa kitambaa changu!

Kijana wa Chanika: Pole sana, mkuu. Huyo huyo alikuja kwangu na mkewe, wakapigana picha juu ya pikipiki yangu ya TVS, na picha hiyo ndiyo anayoitumia kwenye wasifu wake hadi leo.

Fundi Kiki: Mkuu, mtu mzima unalalaje kwenye vumbi kwa ajili ya sproketi? Ungemwambia aje aione kwa macho yake.

Mwenye uzi: Nililala kwa sababu alisema fedha anazo mkononi. Amefuta mikono kwa kitambaa changu, ndugu!

Mama Kiluvya: Ninyi wauzaji nanyi mna mambo yenu. Aliyeniuzia mimi alikataa kwenda mamlaka ya mapato, TRA, kubadilisha umiliki, na trafiki waliponisimamisha nikakuta faini zake zote zinanisubiri, kwa kuwa deni hufuata namba ya usajili.

Kijana wa Chanika: Afadhali wewe, dada. Niliyemuuzia mimi ndiye aliyekataa kubadilisha jina, na kila anapogonga mtu, polisi wananipigia simu mimi.

Mama Kiluvya: Mteja wako angalau kadi anayo. Mimi nilipewa nakala ya kadi tu, na muuzaji amehama nyumba.