Mgema aliyeokoka: ashuke minazini ndipo abatizwe?

Mleta mada: Jamani, ami yangu wa Mwakirunge ameokoka tangu Pasaka. Mchungaji wake hambatizi mpaka aache kugema, kamsomea Warumi 12:2, "msiifuatishe namna ya dunia hii." Mzee mwenyewe hanywi tena hata funda, ila minazi yake 14 ndiyo inayolisha nyumba. Mwasemaje?

Wa Changamwe: Mchungaji yuko sawa. Lawi mtoza ushuru aliacha vyote akamfuata Yesu (Luka 5:28). Mimi nimekulia jirani na mangwe, kilabu cha mnazi, baba tukimbeba kila jioni. Msinisimulie Kana, Yesu alipogeuza maji kuwa divai.

Mwana wa Frere Town: Pole, ndugu. Lakini umemchukua Lawi ukamwacha Zakayo, mtoza ushuru mwenzake. Huyo alitoa nusu ya mali yake kwa maskini, akaahidi kurudisha mara nne alichodhulumu, na Luka hasemi popote kwamba aliacha kazi. Watoza ushuru walipomwendea Yohana Mbatizaji, aliwaambia wasitoze kupita walivyoamriwa, basi. Na Kana ipo, tupende tusipende: mabalasi sita ya mawe. Hili la mlokole kutogusa pombe tumelirithi zaidi kwa uamsho wa miaka ya 1930 uliotokea Rwanda na Uganda. Umeponya nyumba nyingi, sikatai. Amri ya Yesu ni kitu kingine.

Mkatoliki wa Tudor: Sisi na divai yetu altareni tumetulia tu, twawasoma 😂

Dada wa Likoni: Mwanena kama watu wasionunua unga. Ua la mnazi likigemwa halizai nazi. Akiacha leo, nazi ya kuangua ni baada ya karibu mwaka mzima. Mwaka huo anakula nini? Waumini wa Matendo 4 waliuza mashamba wakagawiana. Mchungaji aanzie hapo, kisha amwambie mzee ashuke.

Mie wa Mji wa Kale: Niwieni radhi, mie Muislamu. Kwetu halina kona: akamuaye, abebaye, auzaye, anywaye, wote lawamani. Linalonishangaza ni nyinyi kumwona mgema peke yake. Mwenye hoteli ya ufuoni auza bia kreti kwa kreti. Sadaka yake hurudishwa?

Wa Changamwe: Hairudishwi. Hapo sina jibu, na naona haya. Lakini kosa la tajiri halimsafishi mgema. Paulo asema tuache hata divai ikiwa yamkwaza ndugu (Warumi 14:21), na mimi ndiye huyo ndugu.

Mleta mada: Nimemsomea ami yote. La Wa Changamwe limemkalisha kimya muda mrefu, maana wateja wake anawajua kwa majina, na watoto wao pia. Kisha akauliza: mnazi mtamu wa alfajiri, usiochacha bado, nao ni pombe?

Dada wa Likoni: Ukikaa saa chache washachacha wenyewe. Aoshe vibuyu kila anapogema, auteremshe na kuuchemsha papo hapo mpaka ushikane, uwe sukari. Kuni zataka nyingi.

Mleta mada: Asema atajaribu na minazi mitatu kwanza. Kuna mwenye sufuria kubwa ya kuazima, Kisauni au Bamburi?