Vumbi la Tsavo linaingia na AC ya dashibodi: nitie filta gani kwenye gari la kulala?

sindano_za_mvinje
Salaam aleikum wakubwa. Naomba ushauri kwa wanaozijua AC za magari, hasa nyinyi mnaoishi huku kwenye upepo wa chumvi.

Naendesha basi dogo la zamani la Kijapani lililogeuzwa gari la kulala. Viti vya nyuma vimeng'olewa, pametiwa kitanda, jiko la gesi la plati mbili, friji ndogo na tangi la maji. Tajiri wangu ni mzee wa Kitaliano mkaazi wa hapa Malindi, na safari zake ni zile zile: Marafa kutazama makorongo ya Nyari, au geti la Sala tukatize Tsavo East mpaka Voi. Lami ikiisha tu, shida inaanza. Nikiwasha AC, matundu ya dashibodi yanatoa harufu ya udongo uliolowa, na hatufiki mbali dashibodi nzima inakuwa nyekundu. Mke wa tajiri ana pumu. Safari iliyopita alijifunika leso puani kutoka getini mpaka kambini, na mimi ndiye niliyekuwa natazamwa kwa jicho.

Nimefungua droo ya upande wa abiria nikaishusha feni. Filta hakuna, wala mahali pa kuitia hapakutengenezwa. Ni tundu tupu, halafu feni, halafu koili ya baridi. Feni imejaa sindano za mvinje na bawa la panzi, na koili imepakwa tope jekundu hata mapezi yake ya alumini hayaonekani.

Tajiri ameona mtandaoni filta ya HEPA, ile ya kushika chembe ndogo sana, anataka niipachike hapo kwenye tundu. Itafaa? Kama haifai, nitie nini, na nikitie wapi: nje chini ya kioo cha mbele au ndani?

punda_wa_mokowe
Sisi wa Lamu gari tunaliacha Mokowe tunapanda boti. Ng'ambo ya pili ni punda, hana filta na hajalalamika. Haya, endeleeni wenye AC zenu.

kaka_spea
Mbona rahisi. Chukua sponji la godoro, kata saizi ya tundu, chovya kwenye oili, kamua, tia. Pikipiki zinatembea hivyo miaka nenda miaka rudi.

fundi_baridi
Kaka spea, hapo hapana. Kwenye pikipiki oili ikiponyoka inaungulia injini, haina neno. Kwenye AC itaenda kukaa juu ya koili, ishike vumbi mara mbili ya sasa, na mama wa watu mwenye pumu avute harufu ya oili safari nzima. Sponji kavu lenye matundu makubwa linazuia majani na panzi, basi.

Ndugu mwenye uzi, usianze na filta, anza na hiyo koili. AC ikifanya kazi koili inatoka jasho, kwa hiyo vumbi lote linalopita linanasa hapo na kubaki limelowa. Harufu unayoisikia ndiyo hiyo. Ukitia filta mpya mbele ya tope la zamani, harufu itabaki pale pale na tajiri atasema umemlia pesa.

Ivue feni uisugue kwa brashi. Koili ipulizie povu la kusafishia koili, lile lisilo na asidi, liache lifanye kazi, kisha suuza kwa maji ya mpira polepole. Mashine ya kuoshea magari usiisogeze, mapezi yatalala yote. Na jiki usitumie, najua wako wanaotumia. Klorini inakula alumini, na alumini ya huku kwetu tayari inaliwa na chumvi ya bahari. Ukimaliza, chungulia kibomba cha kutolea maji chini ya gari. Kwa joto na unyevu wa Malindi, AC ikiwaka kidogo tu lazima kidondoshe. Kikiwa kikavu ujue kimeziba, maji yanalala ndani ya kasha na kuvu inazaliana.

Sasa HEPA. Sifa yake ni kweli, inashika asilimia 99.97 ya chembe za maikroni 0.3 (maikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita). Lakini inabana hewa, na feni yako iliundwa kuvuta kwenye tundu tupu. Hewa ikipungua, koili inakosa joto la kuchukua, inateremka chini ya nyuzi 0, inaganda barafu, na barafu inaziba hata kile kidogo kilichokuwa kinapita. Hapo utaambiwa gesi ya AC imeisha, ujaziwe R134a bure bilashi, na gesi haikuwa na kosa lolote. Nimepokea magari mengi ya namna hiyo.

Cha kutafuta ni upana wa uso wa filta, unene usikushughulishe. Tafuta filta ya kawaida ya kabini ya gari kubwa, ya karatasi iliyokunjwa mikunjo mingi. Ukiikunjua ile mikunjo ni karatasi pana sana, kwa hiyo kila sehemu inapitisha hewa kidogo na feni haichoki. Kwa wanaofuata daraja za MERV, yaani kipimo cha uwezo wa filta kushika chembe, 8 inakutosha kwa vumbi la barabarani, maana vumbi lile kwa wingi ni chembe kubwa. 13 inashika ndogo zaidi lakini inabana, kwa hiyo uiweke tu ukipata nafasi ya kutia filta pana zaidi.

Pa kuiweka ni ndani, kabla ya feni, lakini baada ya kile kilango kinachochagua hewa ya nje au ya ndani. Hivyo zote mbili zinachujwa. Tengeneza trei ya bati la alumini, izungushie ukanda wa sponji wa kubandika pande zote nne. Pembeni pakibaki mwanya wa unene wa kadi ya simu, hewa itapita hapo na filta itakaa safi kama pambo. Nje chini ya kioo weka wavu wa waya tu kwa ajili ya mvinje. Filta ya karatasi ukiiweka nje, mvua ya kwanza ya masika itaifanya uji.

mzee_wa_sala
Fundi kasema kweli lakini kasema nusu. Nimebeba wageni njia hiyo ya Sala tangu nikiwa kijana, na nakwambia vumbi jingi haliingii kwa AC. Linaingia nyuma.

Gari likikimbia, nyuma yake hewa inakuwa pungufu, ndiyo maana vumbi linakufuata na kugeuka kuupiga mlango wa nyuma. Raba ikiwa imechoka, linafyonzwa ndani. Na madereva wengi wakiona vumbi wanafunga hewa ya nje, AC inazungusha ile ile ya ndani. Hapo hakuna kinachosukuma kutoka ndani kwenda nje, kila ufa unavuta. Fungulia hewa ya nje, feni namba tatu, vioo vyote juu, kifuniko cha paa kimefungwa. Gari lijae hewa kidogo, vumbi litakosa pa kupenyea.

Kupima raba: fungia mlango kwenye kipande cha karatasi, kivute. Kikitoka bila kubisha, raba imekufa pale. Zunguka mlango mzima. Usiku mwache mtu ndani na tochi kali, wewe uko nje gizani. Utaona taa inachungulia usipopategemea.

fundi_baridi
Mzee, hilo la kufungulia hewa ya nje bila filta ndilo lililomletea tope kwenye koili. Kwa gari lake la sasa huo ni ushauri mbaya.

mzee_wa_sala
Ndiyo, bila filta. Akishatia trei yako, afungulie. Ukikutana na lori uso kwa uso funga dakika mbili tatu vumbi litue, kisha fungua tena. Kuzungusha hewa ile ile kwa safari ndefu kunamtia dereva usingizi pia, pumzi za watu zinajaa humo.

kaka_spea
Basi jibu ni silikoni. Ziba kila tundu la sakafu na kuta, mchezo umekwisha.

gesi_na_friji
SIMAMA HAPO. Mwenye uzi, kabla hujashika silikoni soma hili.

Gari lina jiko la gesi. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa; ikivuja inateremka sakafuni na kutulia. Kwenye kabati la mtungi kuna tundu chini kabisa ambalo limewekwa makusudi ili gesi itoke nje. Tundu hilo haliguswi, hata vumbi lipite. Matundu ya hewa karibu na jiko na nyuma ya friji pia yaache, moto unapowaka unataka hewa, na ukiikosa unatoa kaboni monoksaidi ambayo haina harufu. Kama vumbi linapitia kabati la mtungi, dawa ni kutia raba kwenye mlango wa kabati upande wa ndani ya gari, ili kabati lipumue nje peke yake.

Ziba palipopita waya na bomba za maji. Bomba la sinki kama linakwenda moja kwa moja nje, likunje mkunjo unaobakisha maji, hapo vumbi halipandi.

mama_wa_watoto_watatu
Mnamsahau anayeumwa. AC ya dashibodi inafanya kazi injini ikiwaka tu, sivyo? Usiku kambini injini imezimwa, na godoro limeshakunywa vumbi mchana kutwa. Mwanangu ana pumu, na sisi kilichotusaidia ni kufunika kitanda kwa turubai laini safari nzima, linatolewa nje ya gari ndipo likung'utwe. Kufagia hatufagii, tunapangusa kwa kitambaa kibichi. Na dawa yake ya kuvuta inakaa mbele pamoja na dereva, haiwekwi kwenye begi la nyuma.

fundi_baridi
Dada umesema neno. Hapo ndipo HEPA ya tajiri inapofaa: mashine ndogo ya kusafisha hewa, yenye feni yake yenyewe, iwekwe karibu na kitanda itumie betri ya sehemu ya kulala, si ya injini. Asipotaka kununua, kuna lile boksi lililoenea mwaka 2020 wakati wa korona, la Corsi na Rosenthal: filta nne za MERV 13 zinafanya kuta, feni juu, utepe wa gundi pembeni. Kwa gari fanya dogo, filta mbili na feni ya volti 12.

sindano_za_mvinje
Shukrani jamani. Koili nimeosha, maji yaliyotoka ni rangi ya chai ya maziwa. Kibomba kilikuwa kimezibwa na kiota cha nyigu wa udongo, nimekizibua kwa waya wa breki ya baiskeli. Raba ya mlango wa nyuma imekufa upande wote wa chini, karatasi inatoka yenyewe. Tajiri amekubali trei na mashine ya kitandani. Swali la mwisho: filta nibadilishe lini, na naweza kuipuliza kwa kompresa?

fundi_baridi
Vitabu vya magari vinasema kilomita 15,000 au zaidi, lakini waliviandikia barabara za lami. Wewe itoe kila ukirudi Sala, igonge taratibu uso wa uchafu ukiwa chini. Kompresa itatoboa karatasi na hutaona tundu. Nunua kipimajoto kidogo cha jikoni ukichomeke kwenye tundu la katikati, uandike namba ya leo filta ikiwa mpya na feni namba tatu, uwe unalinganisha. Siku upepo umepungua mkononi na kompresa ya AC inakatakata, usinipigie simu kuhusu gesi. Badilisha filta kwanza.

mzee_wa_sala
Na raba ya mlango nunua ile ya mita, usinunue ya kukatwa kutoka gari bovu. Ya gari bovu imeshalala, utarudi hapa kuuliza tena.