Naomba ushauri: shemeji anataka nimdhamini mkopo

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, anaomba nimdhamini mkopo wa shilingi 2,000,000 aongeze mtaji wa mitumba. Fomu iko mezani tangu Jumapili, imebaki sahihi yangu tu. Deni la mwaka jana, 300,000, hajalirudisha, ingawa si mvivu kabisa. Saa kumi na moja alfajiri yuko sokoni anafungua belo. Mume ameniachia niamue.

Nimefunga siku 3 nikiomba hekima, kama Yakobo 1:5. Mithali 6:1-5 inaonya juu ya udhamini, lakini 3:27 inakataza kumnyima mtu mema ukiwa na uwezo.

Je, nikikataa nimekosa upendo? Na nimwambieje tusivunje undugu?