Django haiundi jedwali katika PostgreSQL

Swali
Habari zenu. Ninatumia Django, fremu ya Python ya kuundia programu za wavuti, kutengeneza mfumo wa kuhifadhi orodha ya vipuri vya duka la mjomba wangu lililoko Barabara ya Kirinyaga, hapa Nairobi. Nimeandika modeli (maelezo ya jedwali kwa msimbo) ya Kipuri yenye jina, bei na idadi, lakini kila ninapotoa amri ya makemigrations ninaambiwa kwamba hakuna mabadiliko, na katika hifadhidata yangu ya PostgreSQL sioni jedwali hata moja. Nimekosea wapi?

Jibu la kwanza
Ndugu yangu, yaelekea hukuisajili programu yako katika INSTALLED_APPS, yaani orodha ya programu za mradi, ndani ya faili ya mipangilio, settings.py, kwa kuwa Django husoma modeli za programu zilizosajiliwa pekee. Ukishaisajili, toa makemigrations, ambayo huandika tu maelezo ya mabadiliko katika faili, kisha migrate, ambayo ndiyo huunda jedwali lenyewe.

Jibu la pili
Tazama pia DATABASES, sehemu ya settings.py inayotaja hifadhidata itakayotumika. Mradi mpya huja na SQLite, hifadhidata ya faili moja, kwa hiyo usipobadilisha ENGINE, yaani aina ya hifadhidata, majedwali yataundwa katika db.sqlite3 huku wewe ukiyatafuta kwingine. Utahitaji kusakinisha psycopg vilevile, maktaba inayounganisha Python na PostgreSQL. Na bei, tafadhali, iwe DecimalField, inayohifadhi desimali kamili, wala si FloatField, inayohifadhi makadirio. Mimi niliwahi kukesha nikisaka senti zilizopotea kwenye hesabu za mauzo.

Muulizaji
Ahsanteni sana. Kosa lilikuwa INSTALLED_APPS, na sasa jedwali la duka_kipuri limeonekana. Bei nilikuwa nimeiweka FloatField, kwa hiyo naibadilisha kabla mjomba hajaanza kuingiza bidhaa.