Naomba ushauri: picha za nyuso kwa utafiti wa miwani

Wadau, naomba ushauri kwa waliowahi kupima jinsi mvaa miwani anavyochukuliwa na watu.

Mpango ni nyuso 24, kila uso katika hali 3: bila miwani, na miwani ya kawaida, na miwani yenye kamera. Mshiriki auone kila uso mara moja tu, maana akiurudia atashtukia tunachopima. Hivyo makundi 3, nyuso 8 kwa kila hali.

Kinachosumbua zaidi ni lenzi. Ya minasi (ya wasioona vizuri mbali) hufanya macho yaonekane madogo na kuvunja mstari wa shavu pembeni mwa fremu. Ya plasi (ya wasioona vizuri karibu) huyakuza. Kutoa lenzi kabisa kunaondoa mng'ao wa taa, ila fremu tupu hujulikana upesi. Naegemea lenzi zisizo na nguvu, taa 2 juu kidogo kwa nyuzi 45, na mikono ya miwani iinuliwe kidogo juu ya masikio ili mng'ao uelekee chini. Inatosha?

Halafu muda. Watafiti wa saikolojia Argyle na McHenry, mwaka 1971, walikuta mvaa miwani akidhaniwa ana akili zaidi akionekana kwa sekunde 15, lakini tofauti ikatoweka baada ya mazungumzo ya dakika 5. Je, picha tupu zinafaa kweli, au nitumie video?

Mwisho, miwani ya kamera ina mikono minene. Nikiilinganisha na fremu nyembamba nitapima unene, si kamera. Niongeze fremu nene isiyo na kamera, makundi yawe 4 na nyuso 6 kwa kila hali?