Brashi ya zamani ya kunyolea ndevu, naanzia wapi kuifufua?

Kijana wa Ngamiani:
Wakuu salaam. Niko hapa Tanga, marehemu babu kaniachia brashi yake ya kupakia sabuni ya kunyolea, kishikio cheupe kilichogeuka njano, chini kimechapwa Made in England. Nywele zingine zimekatika, kwenye mizizi pana ukoko mweupe mgumu na ukilitikisa fungu la nywele linacheza. Sijawahi kukarabati kitu cha namna hii na nataka niitumie kabisa, sitaki ikae kabatini. Nianze na nini? Na nywele zikishindikana si naweza kufunga katani, maana huku ndio haikosekani?

Mpiga msasa:
Mungu amrehemu babu. Msasa weka pembeni kwanza, anza na kuosha. Huo ukoko ni chokaa ya maji iliyoshikana na sabuni, hasa kama alikuwa anatumia maji ya kisima. Tia siki kidogo kwenye maji ya uvuguvugu, loweka ncha hadi karibu na mizizi ila kishikio kisizame, dakika chache tu, halafu osha na sabuni ya maji ya vyombo na uanike kivulini penye upepo. Maji ya moto hapana, yanalegeza gundi na kuharibu nywele.

Katani achana nayo mkuu, ni nzuri kwa kamba na brashi za sakafu ila usoni itakuchubua.

Mzee wa Chumbageni:
Kijana wangu kabla hujahangaika na kuosha, jua kwanza hizo ni nywele za nini. Brashi nyingi za kizungu ni za nguruwe, na sisi Waislamu hilo haliwezekani. Za nguruwe unywele mmoja mmoja ni mnene na ncha yake imepasuka. Zipo pia za mnyama wa jamii ya nyegere, laini zaidi, huyo muulize shehe wako. Na zipo za farasi, hapo ndipo naomba unisikilize vizuri, kwa sababu wakati wa vita vya kwanza vya dunia watu Uingereza na Marekani, wanajeshi wakiwemo, walipata kimeta kupitia brashi za farasi ambazo nywele zake hazikusafishwa sawasawa, na zingine zilitengenezwa zifanane na za nyegere. Vijidudu vya kimeta vinadumu miaka mingi mno. Hatari leo ni ndogo lakini kama hujui umri wa brashi usizitumie hizo nywele. Mali ya babu ni kishikio, kitunze hicho, nywele tia mpya za plastiki, siku hizi ziko laini na zinakauka haraka.

Kijana wa Ngamiani:
Shukrani sana mzee, nywele nazitoa basi. Nimesugua kishikio na kitambaa kikapata joto kinanukia kafuri, ni kawaida?

Mpiga msasa:
Aisee hiyo ni seluloidi, plastiki ya zamani, inashika moto haraka sana, kwa hiyo usiipitishe karibu na jiko wala usitumie hita, na asetoni pia hapana, inaiyeyusha. Lowesha nywele vumbi lisiruke, zikate na mkasi, vaa barakoa, halafu mpelekee fundi mkerezaji atoe kisiki kilichobaki ndani, mwambie azungushe polepole na apumzishe chuma kisipate moto. Pima upana wa tundu kwa milimita ndio uagize fungu jipya, mengi ni 20 hadi 24. Lijaribishe bila gundi kwanza, ukilizamisha sana nywele zinakuwa fupi na ngumu, ukiliacha juu zinalegea. Ukiridhika tia gundi ile ya mirija miwili, kidogo tu isipande kwenye nywele, na isiguse maji hadi kesho yake.

Kishikio piga msasa wa maji kuanzia namba 600 kupanda mpaka 2000, mwisho dawa ya meno kwenye kitambaa. Pale penye maandishi pita na kitambaa tu, msasa utayafuta.

Mzee wa Chumbageni:
Na ile njano mwanangu usiimalize yote, inapendeza.